Siku nane barabarani na mama watoto



Mji wetu wa Babati umekaa juu ya njia kuu ambayo tangu enzi za wakoloni ilikusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa sababu hiyo, kila mwaka masika yanapokwisha na kipupwe kuanza, huwaona wageni wakipita na magari makubwa yenye vitanda na majiko ndani yake. Mwaka juzi, mume na mke wazee kutoka Ulaya waliegesha gari la namna hiyo karibu na Ziwa Babati. Mimi na mke wangu tulipita hapo tukitoka kutazama shamba letu la mbaazi. Wazee wale walikuwa wamekaa nje juu ya viti vya kukunja, wanakunywa chai na kuzungumza. Mke wangu akawatazama kwa muda, kisha akasema, "Baba watoto, hawa bado wana la kuambiana."

Sikumjibu. Jioni ile nilikuwa na kikao baada ya sala ya Isha.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Tangu nihitimu chuo cha Kiislamu na kurudi nyumbani, nimekabidhiwa mihutasari, michango, ratiba za darsa, daftari la ndoa na daftari la maziko. Wanandoa wanaogombana huletwa mbele ya shekhe, nami hukaa pembeni nikiandika. Masikitiko ya wake wengi yamepita katika kalamu yangu. Ya mke wangu sikuyajua, kwa kuwa sikuwahi kukaa nikayasikiliza.

Neno lile la ziwani lilinikaa moyoni mwaka mzima. Juni iliyofuata, shule zilipofungwa, nilimwomba shemeji yangu atuazime Hiace yake kwa siku nane. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukatundika kanga madirishani. Tulipakia jiko dogo la gesi, birika, mkeka, na madumu mawili ya maji ya kunywa na ya kutawadhia. Tukasoma dua ya safari, tukaondoka baada ya Alfajiri.

Tulipita Bonga, Bereko na Kolo, tukawaacha watoto Kondoa kwa bibi yao. Wazee wetu wanaikumbuka njia hii ilivyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Barabara ya lami ya kilomita 251 baina ya Dodoma na Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na leo mtu hufika Dodoma chai ya kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Lakini watoto waliposhuka ndipo nilipotambua ukimya wetu. Tulizungumza bei ya alizeti, tukazungumza ada za shule, kisha tukaishiwa na maneno.

Tulikuwa wasafiri, hivyo tulipunguza sala na kuzikusanya. Penye msikiti kwenye kituo cha mafuta tuliswali na watu. Pasipokuwa na msikiti tulitandika mkeka kando ya gari, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu tuswali pamoja kwa siku kadhaa mfululizo, bila mimi kukimbilia msikitini na yeye kukimbilia jikoni. Usiku wa Gairo upepo wa baridi ulitupata na blanketi moja tu, kwa kuwa la pili nilikuwa nimelisahau. Mke wangu alicheka. Akasema katibu anayekumbuka michango ya watu wote amesahau blanketi lake mwenyewe. Nami nikacheka.

Siku ya nne, kwa njia ya Morogoro, Chalinze na Msata, tulifika Bagamoyo, tukaenda Kaole. Pale pana magofu ya msikiti ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 13, na kando yake makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Tuliwasalimu watu wa makaburini kama tulivyofundishwa. Mke wangu alitembea taratibu baina ya makaburi, kisha akauliza, "Hawa majina yao yako wapi?" Nikamwambia kwamba mengi hayajulikani, ila Mola wao anawajua.

Usiku tulilala ndani ya gari katika uwanja wa nyumba ya wageni karibu na bahari. Taa ilikuwa imezimwa aliponiuliza, "Baba watoto, na yule wetu ulimwandika jina gani?"

Ndugu msomaji, miaka minne kabla ya safari hii mimba ya mke wangu ilitoka ikiwa na miezi sita. Nilikuwa kikaoni, simu nimeizima. Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa hana uhai. Nikashughulika kama ninavyoshughulikia msiba wa jirani: sanda, wachimba kaburi, chakula cha waliokuja. Usiku nikafungua daftari la maziko, nikaandika tarehe na maneno haya: mtoto wa katibu. Kesho yake jioni nilirudi kikaoni, na watu wakanisifu kwa subira.

Chuoni nilisoma kwamba mimba ikitoka baada ya kutimiza miezi minne, mtoto huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa, na wanazuoni wengi hupendekeza apewe jina. Somo hilo nimewafundisha wengine. Nyumbani kwangu niliyatimiza yote isipokuwa hilo la mwisho, na sikumuuliza mama yake kitu.

Nilimweleza ukweli. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilimpa jina. Nimekuwa nikimwita peke yangu. Sikukulaumu kwa kuwa kikaoni siku ile. Nilitaka tu kesho yake usiende."

Akalitaja jina. Nikamwomba alitaje tena. Tulizungumza mpaka adhana ya Alfajiri.

Wakati wa kurudi, kwa njia ya Segera, Same, Moshi na Arusha, nilikifikiria kisa cha mkufu wa Bibi Aisha (r.a.). Mkufu wake ulipotea safarini, na Mtume (s.a.w.) akasimama ili utafutwe, na watu wote wakasimama pamoja naye, mahali pasipo na maji. Katika kusimama huko ikateremshwa hukumu ya tayammamu, rehema ambayo umma mzima unaitumia hadi leo. Kisa hiki nimekisomesha mara nyingi katika mlango wa tohara. Sikuwahi kuona kwamba ndani yake yumo mume aliyesimamisha msafara kwa ajili ya kitu kidogo cha mkewe. Mimi sikuwa nimesimamisha hata kikao kimoja.

Tulipofika Babati nilikwenda na mke wangu hadi ofisi ya msikiti, nikalifungua daftari. Maneno ya zamani sikuyafuta. Niliandika jina mbele yake, naye akilitazama. Jina hilo naomba libaki letu. Tangu hapo jioni ya Alhamisi kamati inajua kuwa katibu hayupo.

Wapo watakaosema kwamba hawana gari wala siku nane. Hata njia ya kwenda shambani yatosha, ikiwa simu itazimwa na mume atauliza kisha angoje jibu. Mwenyezi Mungu azirehemu nyumba zetu, na awajaalie watoto wetu waliotangulia kuwa waombezi wa wazazi wao. Amin.