Kemia ya kuchakachua

Leo tuweke siasa pembeni kidogo turudi darasani. Unalikumbuka somo la maada? Kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Halafu zinakuja elementi, kampaundi na michanganyiko. Wengi tulikariri kwa Kiingereza, tukajibu mtihani, basi. Mimi somo hilo limenirudia kazini, katika kufuatilia habari za mafuta.

Changanya mchanga na maji. Jicho linaona, kitambaa kinachuja. Maji yakiingia kwenye petroli nayo yanajitenga na kuzama, kwa kuwa densiti yake ni kubwa zaidi. Hiyo ni michanganyiko yenye haya, inajionyesha yenyewe.

Sasa mimina mafuta ya taa kwenye dizeli. Vyote ni haidrokaboni, vinashikana kama ndugu wa tumbo moja. Kitambaa hakichuji kitu. Hata kuvitenganisha kwa kuchemsha ni kazi, maana mafuta ya taa huchemka kati ya nyuzi 150 na 300 hivi za Selsiasi, na dizeli kati ya 180 na 360 hivi. Vinapishana njiani!

Hapo ndipo wajanja walipouona mlango. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ni ya wanyonge, wao wakayamimina kwenye dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Mtaani tukaita kuchakachua, na ulipofika uchaguzi wa 2010 neno likahama kituo cha mafuta likaingia kwenye kura.

Mwaka huo huo wa 2010, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Ni kemikali kidogo tu inayotiwa kwa kipimo maalumu. Ukiongeza mafuta yasiyo nayo, kiwango chake kinashuka na mashine inakuumbua. Jicho limeshindwa, kipimo kimeona.

Lakini bajeti ya 2011 ikaja na dawa nyingine: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi 400 na ushee, ili kuchakachua kusiwe na faida. Hesabu yake naielewa. Ila nani aliyelipa? Bibi wa kijijini mwenye koroboi, asiye na gari wala lori, ambaye hajawahi kuchakachua hata maziwa.

Ndiyo maana mtu akiniambia sayansi ya sekondari haina kazi mtaani, namkatalia. Mchanganyiko unaoonekana kila mtu anaukwepa. Usioonekana unamsubiri asiye na kipimo, na mara nyingi huyo ni maskini. Basi tuwafundishe watoto maada kwa dizeli, maziwa na koroboi, kwa lugha wanayoielewa, ili wajue cha kudai kipimwe.

Au wewe mwenzangu unaonaje?