Buibui Niliyemtunga

Leo nataka kukiri. Hadithi yangu ya kwanza kuaminiwa na watu sikuiandika kwenye daftari. Niliisema kwa mdomo, uani kwetu, wakati wa masika ya mwaka 2019, na ilimhusu buibui.

Asubuhi hiyo baba mdogo aliamka akilalamika kuwa ubavu wa kushoto unamwaka moto. Alipovua shati tukaona malengelenge madogo madogo yameshikana kama shanga, yameanzia mgongoni yakazunguka mpaka karibu na kitovu. Bibi akasonya. "Buibui huyo. Kamkojolea usingizini." Kisha akanigeukia mimi niliyelala naye chumba kimoja. "Wewe hukumwona?"

Sikumwona. Lakini tangu nimalize kidato cha nne sina kazi ila kuota kuwa mtunzi wa riwaya, na mtunzi hapendi kujibu "sijui". Nikasema, "Nilimwona, bibi. Mweusi, mnene, tumbo kama kifungo cha koti. Kapita ukutani."

Basi! Ua mzima ukamjua buibui wangu. Jirani akaleta wembe, akamchanja kuzunguka malengelenge. Mwingine akaleta jiwe la nyoka lifyonze sumu. Siku tatu zikapita hivyo. Siku ya nne hata shati hakuweza kuvaa, tukampeleka zahanati.

Tabibu akatazama, akauliza, "Buibui alionekana na nani?" Wote wakanitazama mimi. "Ulimwona akiuma? Ulimkamata?"

Nikainamisha kichwa. "Dokta, sikumwona. Nilitunga."

Hakunifokea. Alieleza taratibu kwamba ni vigumu kuthibitisha kuumwa na buibui kama hakuonekana akiuma. Na ukiweza kumweka kwenye chupa ukaja naye, ndiyo vizuri zaidi. Vingi anavyosingiziwa buibui huwa ni majipu au magonjwa mengine ya ngozi. Buibui wenye sumu kali, kama wale wenye alama nyekundu au ya chungwa chini ya tumbo, huuma mahali pamoja. Maumivu hupanda na kusambaa, misuli ya tumbo na mgongo ikakaza, jasho likamtoka mtu. Huyo huoshwa kwa maji na sabuni, huwekewa kitambaa cha baridi, hupewa dawa ya maumivu, na akizidiwa hukimbizwa hospitali. Wembe hautoi sumu, unaingiza uchafu. Na mkojo wa buibui wa kumbabua mtu, alisema, haupo.

Malengelenge yaliyoshika upande mmoja, yakakoma katikati ya mwili, yalikuwa mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni, vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu, vilikuwa vimeamka. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Saa zetu 72 zilikuwa zimekwisha kwa wembe, jiwe na hadithi yangu.

Tabibu akaongeza kuwa mkanda wa jeshi humpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, hasa wazee, na wale ambao kinga yao imeshuka. Si lazima iwe VVU, lakini ni vizuri kupima. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi alizika vijana wengi miaka ya 1990, na alilijua jina la ugonjwa ule kabla ya sisi wote. Aliponiuliza asubuhi ile kama nimemwona buibui, alikuwa anaomba shahidi. Nami nikajitolea.

Baba mdogo alipima. Virusi vilikuwepo. Siku hiyo hiyo alianzishiwa dawa, na mpaka leo anameza kidonge chake kila siku, ana nguvu zake, anatengeneza baiskeli za watu pale njia panda. Lakini ubavu ule haujapoa kabisa. Usiku mwingine namsikia akigeuka kitandani, shuka tu likimgusa anaguna. Huwa nalala macho, nahesabu zile siku tatu.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alicheka, akasema, "Andika, mwanangu. Ila buibui wa watu umtoe lawamani."

Nimemtoa.