Safari ya Baiskeli katika Bonde la Mizabibu

Likizo ni neno tamu masikioni, lakini wako watu wengi ambao huirudia kazi wakiwa wamechoka kuliko siku walipoondoka. Sababu yake si umbali wa safari wala uchache wa fedha. Sababu ni kwamba watu hukaa wakapanga nauli, chakula na malazi, wakasahau kulipanga lile jambo moja linalowakosesha usingizi nyumbani. Basi jambo hilo nalo hupanda garimoshi pamoja nao, bila tiketi, na hushuka pale pale wanaposhuka.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa kwa mume na mke mmoja wanaoishi mjini Vienna, nchini Austria. Mume alikuwa sajini wa jeshi huko kwao, kando ya Ziwa Tanganyika. Mke ni muuguzi, naye ndiye aliyetangulia kwenda ugenini kwa ajili ya kazi, mumewe akamfuata baada ya kustaafu. Mwezi wa Septemba mke alipewa mapumziko ya siku mbili, Jumanne na Jumatano, baada ya miezi mingi ya zamu za usiku. Wakakubaliana kwamba safari hii hawatakaa nyumbani kufua na kupiga pasi. Mwanzoni mwa mwaka jirani yao aliyekuwa akihama aliwauzia baiskeli mbili kuukuu lakini nzima, na Sajini akasema kuwa siku mbili zinatosha kabisa kwa safari ya baiskeli.

Jioni ya Ijumaa alitandaza ramani juu ya meza ya chakula. Alikuwa amechagua bonde la Wachau, yaani ile sehemu ya bonde la mto Danube iliyo kati ya mji wa Melk na mji wa Krems. Melk uko kama kilomita 80 magharibi ya Vienna, na toka hapo mpaka Krems ni kilomita 36 hivi. Kwenye vilima vya bonde hilo wakulima wamejenga kwa karne nyingi kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zikaushika udongo mfano wa ngazi, na juu ya kila ngazi wamepanda mizabibu. Mwaka 2000 bonde hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Sajini alikuwa na sababu zake, naye alizitaja moja baada ya nyingine kama atoaye taarifa mbele ya mkubwa wake. Kwanza, njia ya baiskeli hufuata mto, kwa hiyo ni tambarare, wala haingelitesa goti la mkewe, ambalo huuma kwa ajili ya kusimama wodini usiku kucha. Pili, garimoshi hufika Melk na hufika Krems, na baiskeli nazo hupakiwa zikikatiwa tiketi. Hivyo mtu akichoka, au mvua ikinyesha, haachwi porini. Tatu, mto hutiririka toka magharibi kwenda mashariki, na upepo nao mara nyingi hutoka huko huko. Anayeanzia Melk husukumwa mgongoni, na anayeanzia Krems hupigwa usoni.

Kisha akaonyesha ratiba aliyoiandika kwa kalamu ya risasi. Saa 2 asubuhi kuondoka Vienna, saa 4 Melk, saa 6 Willendorf, saa 8 Spitz, saa 10 Dürnstein, saa 12 jioni Krems. Siku ya pili, kurudi kwa ng'ambo ya pili ya mto mpaka Melk. Kila kituo kilikuwa na dakika zake.

Mkewe alikuwa akisuuza vyombo. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaitazama ramani kwa muda mrefu. Ndipo alipouliza: “Baba Watoto, katika nchi hii nzima hukuona njia nyingine ya baiskeli ila hii ya mizabibu?”

Swali hilo lilikuwa na umri wa miaka 11. Zamani, walipokuwa wakiishi kambini, mishahara ilipotoka Sajini alikuwa akipitia mesi kabla ya kufika nyumbani, na mara nyingi mshahara uliobaki haukutosha hata unga wa wiki mbili. Jioni moja ya namna hiyo alimpitia mtoto wao mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa, kwa jamaa zao, akampakia kwenye keria ya baiskeli hali yeye mwenyewe amelewa. Kwenye mteremko wa kuingilia kambini baiskeli ilikwenda mbio, ikatumbukia mtaroni, na mkono wa mtoto ukavunjika. Mkono ulipona, ila umepinda kidogo mpaka leo. Tangu usiku ule Sajini hakuonja tena pombe. Lakini tangu usiku ule pia, hapana mtu katika nyumba hiyo aliyelitaja jambo lile.

Sajini alinyamaza kitambo. Kisha akajibu bila kuinua macho: “Nililifikiri hilo kabla hata sijainunua ramani. Nilitaka kuona kama ninaweza kupita katikati ya mvinyo, nikatokea upande wa pili nikiwa mzima.”

“Hakuna aliyekuita kwenye mtihani,” mkewe akamwambia. “Mimi nimepewa siku mbili za kupumzika. Wewe ukienda kujipima, mimi nitakwenda kukulinda, na mlinzi hana likizo.”

Mtu aliyeshika lindo kwa miaka 20 hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Sajini alichukua kifutio, akaifuta ratiba yote toka saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Mkewe akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza wakaanza kuipanga safari ile wawili pamoja. Hawakuliacha bonde, kwani zile sababu tatu zilikuwa za kweli, na goti halikuwa limepona. Walichofanya ni kuuweka mvinyo wazi juu ya meza pamoja na ramani, kama mtu anavyoonyesha daraja bovu kabla ya kulifikia.

Jambo la kwanza lilikuwa kuzijua desturi za wenyeji. Tangu mwaka 1784, kwa amri ya mfalme Joseph wa Pili, wakulima wa zabibu wa Austria wana ruhusa ya kuuza mvinyo wao majumbani mwao. Mkulima aliyefungua nyumba yake hutundika tawi bichi juu ya mlango, nalo ndilo tangazo lake. Kwa hiyo, aijuaye alama hiyo hujua mapema ni mlango upi wa kuingia na upi wa kupita.

Tena mwezi wa Septemba una mtego wake. Huko huuzwa kinywaji kiitwacho Sturm, maana yake dhoruba, nacho ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha lakini hayajawa mvinyo. Ni kizito, kina ukungu, ni kitamu, na mgeni hukidhania kuwa maji ya matunda. Lakini kimo njiani kuwa pombe, na nguvu yake huzidi siku hata siku; hata chupa zake hazizibwi kabisa, kwani hewa itokayo ndani ingezipasua. Mke aliwahi kupewa bilauri ya kinywaji hicho na mwenzake kazini, akakijua kwa harufu tu. Kwao maji matamu ya ndizi hunywewa na watoto yakiwa mapya, lakini yakiachwa siku chache ni pombe ya wazee. “Ni ndugu yake yule yule,” alisema, na Sajini akacheka, kwa maana alimjua ndugu huyo vizuri.

Wakaafikiana neno la kusema. Katika nyumba hizo huja pia watoto na watu wanaoendesha magari, na kwa ajili yao huwapo maji ya zabibu yasiyochacha, ambayo kwa Kijerumani huitwa Traubensaft. Sajini aliandika neno hilo kwenye kadi, akalikariri. Aidha, sheria ya nchi ile humtoza faini mwendesha baiskeli aliyelewa, nacho kipimo ni gramu 0.8 za kileo katika lita moja ya damu. Kwa hiyo, mtu aliyeegesha baiskeli mlangoni akikataa mvinyo, hapana anayemshangaa wala kumhoji. Mke alilifurahia hilo. Si kila jambo la nyumbani ni la kuelezwa mbele ya wageni.

Jambo la pili lilikuwa kuigawa njia. Kijiji cha Spitz kiko karibu na nusu ya safari, basi wakaamua kulala huko badala ya kuzimaliza kilomita zote kwa siku moja. Mke ndiye aliyepiga simu kutafuta chumba. Alizungumza na nyumba tatu, akachagua ile inayokodisha vyumba bila kuuza mvinyo, tena yenye banda la kufungia baiskeli. Juu ya Spitz kuna kilima kiitwacho Kilima cha Ndoo Elfu, kwa kuwa husemwa kwamba katika mwaka mwema mizabibu yake hujaza ndoo hizo. Sajini aliuliza kama wataweza kukitazama kilima hicho. Mkewe akamjibu kuwa kutazama si kunywa.

Kabla ya hapo, siku hiyo ya kwanza, wangeiona monasteri ya Melk, ambayo watawa wa Mtakatifu Benedikto wamekaa tangu mwaka 1089, na ambayo jengo lake la sasa lilianza kujengwa mwaka 1702. Kisha wangevuka daraja na kufuata ukingo wa kaskazini mpaka Willendorf. Mwaka 1908 palichimbuliwa hapo sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa jiwe, yenye urefu wa sentimita 11 tu na umri wa miaka 30,000 hivi. Sanamu yenyewe imehifadhiwa Vienna, na kijijini upo mfano wake mkubwa. Mke alisema angependa kupigwa picha kando ya mwanamke aliyepumzika muda mrefu kiasi hicho.

Jambo la tatu lilikuwa siku ya pili. Badala ya kurudi Melk, wangevuka mto hapo Spitz kwa pantoni. Pantoni hiyo haina injini. Imefungwa kwenye waya uliopita juu ya mto, na nguvu ya maji yenyewe ndiyo inayoisukuma ng'ambo. Ukingo wa kusini ni mtulivu zaidi, una mashamba ya Marille, yale matunda madogo yenye rangi ya machungwa yanayovunwa mwezi wa Julai na kutengenezwa jamu. Kutoka Rossatz wangeuona mji wa Dürnstein upande wa pili, na magofu ya ngome juu yake. Katika ngome hiyo mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwishoni mwa mwaka 1192, alipokamatwa akirudi vitani, na haikupatikana nafuu mpaka fidia kubwa ya fedha ilipolipwa. Sajini alitaka sana kukiona kifungo cha mfalme. Lakini Dürnstein hujaa wageni na meza za mvinyo, basi akasema mwenyewe kuwa ataitazama ngome toka ng'ambo. Mwishoni wangevuka daraja la Mautern na kuingia Krems kupanda garimoshi la jioni.

Baada ya hayo waliandika mahitaji: makoti mawili ya mvua, pampu, viraka na gundi, spana, mpira mmoja wa ndani, bendeji ya goti, chupa za maji, mkate na mayai ya kuchemsha. Taa na kengele zilikaguliwa, kwani ni za sheria.

Jumatatu usiku mtoto wao mkubwa, ambaye sasa yuko chuoni huko kwao, alipiga simu. Sajini hakumwachia mkewe kazi ya kueleza. Alimwambia mwenyewe kwamba kesho yeye na mama yake wanakwenda kuendesha baiskeli, na akamtajia mahali penyewe. Upande wa pili ulikuwa kimya kidogo. Kisha kijana akasema: “Basi kagueni breki, Baba.” Sajini akajibu, “Nitakagua, mwanangu,” na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Aliposhusha simu alitoka, akazikagua breki zote nne, ingawa alikwisha kuzikagua mchana.

Lilibaki jambo moja. Jeshini, aendaye polepole ndiye huwekwa mbele, ili msafara wote uende kwa mwendo wake na asiachwe mtu nyuma. Kwa ajili ya goti lile, Sajini aliandika kuwa mkewe atatangulia. Mke alikuwa amepanga moyoni kukaa nyuma, na wote wawili walijua kwa nini.

“Nikiwa mbele sitakuona,” alisema.

“Utaisikia kengele yangu,” mumewe akamjibu.

Aliifikiri safari yote, mizabibu huku na huku, na matawi mabichi juu ya milango. Halafu akaikunja ramani na kuitia katika mkoba wake mwenyewe, maana aendaye mbele ndiye mwenye ramani. Asubuhi ya Jumanne, kabla jua halijapanda, majirani waliziona baiskeli mbili zikielekea stesheni. Ya mbele ilikuwa ya mama, naye hakugeuka nyuma.