Kilima cha Wanafunzi huko Roma

Mtu asimamaye penye uwanja wa Mtakatifu Petro huko Roma huona karibu yake kilima kiitwacho Janiculum. Juu yake pana Chuo Kikuu cha Urbano, kilichoanzishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1627 kwa ajili ya nchi za misioni. Kilihamia kilimani mwaka 1926. Hapo ndipo Padre Laurean Rugambwa wa Uhaya, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, alipojifunza sheria za Kanisa. Leo masista na walei pia husoma humo.

Elimu ya teolojia ina ngazi tatu. Ya kwanza ni bakalaurea. Ya pili ni lisensia, ya miaka miwili. Aliye nayo aweza kufundisha seminarini. Ya tatu ni udaktari: mwanafunzi huandika kitabu, hukitetea mbele ya waalimu, kisha hana budi kukipiga chapa, walau sehemu yake kuu, ndipo apewe cheo kamili.

Sharti hilo lina maana. Kanisa halitaki elimu ifungiwe sandukuni. Basi, enyi wazazi na waalimu, mkiwa na kijana au binti atamaniye kukipanda kilima hicho, mwulizeni mapema atarudi kumfundisha nani.