Bibi Hakuwemo Kwenye Slaidi

Mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la makuzi ya mtoto, mhadhiri alitusimulia chumba cha Mary Ainsworth kule Baltimore, Marekani. Mtoto wa mwaka mmoja anaingia na mama yake, anakuta midoli. Mama anatoka, mtoto anabaki na mgeni, halafu mama anarudi. Kinachotazamwa sana ni pale mama anaporudi. Mtoto anamkimbilia, au anamnunia? Hapo ndipo anapewa kundi lake: aliyefungamana na mama kwa usalama, au la.

Nilikuwa naandika huku tumbo limenikaza. Mimi nilipelekwa kwa bibi, Zombo, nikiwa na mwaka na nusu. Mama akarudi Mikumi kuwauzia chakula madereva wa malori ya Zambia. Akija mwisho wa mwezi, wanasema, nilikuwa najificha nyuma ya khanga ya bibi. Mhadhiri akamalizia kwamba watoto wa namna hiyo ndio wanaosumbua kwenye ndoa. Nami nilikuwa na mchumba, fikiria.

Wiki ile nikaingia maktaba kutafuta kilichoandikwa na huyo mama mwenyewe. Nikakuta kitabu chake cha 1967, Infancy in Uganda. Kumbe kabla ya Baltimore alikuwa hapa jirani! Alifika Kampala 1954, akawa anazitembelea familia 26 za vijijini zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa nao sebuleni, anaongea na akina mama. Mwanzoni alitaka kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka kwa bibi mtoto anayeachishwa ziwa, ili alisahau. Kutengana huko kunamfanyaje mtoto? Akakuta desturi yenyewe imepungua sana, basi akageukia kutazama jinsi mtoto anavyojenga mapenzi na mama yake. Na humo kitabuni wapo watoto waliowashika pia baba, bibi, ndugu.

Yaani swali lililomjia Ainsworth Afrika Mashariki lilikuwa mimi, na hakupata nafasi ya kulijibu.

Sina ugomvi naye. Alikaa na watu. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba darasani kwetu, saa chache tu kwa basi kutoka Zombo, tulifundishwa kile chumba cha Baltimore na hakuna aliyetaja zile sebule za Buganda.

Likizo ile nikashukia Mikumi. Nikamuuliza mama alijisikiaje siku aliyoniacha. Akaendelea kumenya vitunguu.

"Baba, wewe ulilia siku mbili, bibi yako anasimulia kila mwaka. Mimi nililia njia nzima. Alfajiri nikawasha moto, maana madereva hawasubiri."

Halafu akauliza kama bumu limeshaingia, kwa sababu bibi alikuwa anadaiwa hela ya palizi.