Kuogopa, Kucha na Kutegemea

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ndivyo walivyonena wahenga, na methali hiyo sote tumeifundisha madarasani mwetu. Aghalabu tunaifafanua kuwa ni mawaidha ya tahadhari, na kwa hakika ndivyo ilivyo. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kwamba haimtahayarishi mwoga. Inakiri kuwa hofu ni sehemu ya maisha ya binadamu, na kwamba mara nyingine humrudisha mtu kwake salama. Je, Mkristo anayeambiwa amtegemee Mungu hutakiwa aitupilie mbali hofu hiyo? Swali hili limenishughulisha miaka mingi, nami naona kwamba lugha yetu yenyewe ina jambo la kutufunza juu yake.

Hapa Uganda, Kiswahili hakikuingia masikioni mwa wengi kwa upole. Tangu enzi za ukoloni kilikuwa lugha ya majeshi na polisi, na mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mimi nilizaliwa baada ya utawala huo kuanguka mwezi Aprili 1979, lakini nimelelewa na mama aliyeishi Buganda miaka ile yote. Kwake yeye, Kiswahili kilikuwa sauti ya vizuizi vya barabarani na ya milango kugongwa usiku. Nilipomweleza kwamba nimechagua somo la Kiswahili katika chuo cha ualimu, alinyamaza kitambo, akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akaniuliza kwa Kiganda, "Mwanangu, lugha ile ina maneno ya kusali?" Nikamletea Biblia ya Kiswahili, nikamsomea Sala ya Bwana polepole. Akaniomba niirudie mara ya pili.

Mama huyo ndiye aliyetusimulia, tungali wadogo, habari za Askofu Mkuu Janani Luwum. Luwum alizaliwa Mucwini, wilayani Kitgum, mwaka 1922, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka 1974. Mnamo Februari 5, 1977, usiku, watu wenye silaha waliipekua nyumba yake wakidai kwamba ameficha bunduki. Maaskofu hawakunyamaza, walimwandikia Rais barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma zilizokuwa zikitendeka nchini. Februari 16 Luwum alikamatwa, asirudi tena. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Lakini jamaa walioiona maiti yake waliyakuta majeraha ya risasi. Kaburi lilikwisha kuchimbwa Namirembe, kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, ila maiti ilipelekwa kuzikwa Mucwini. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata watu walifurika Namirembe, wakasali na kuimba hali kaburi li tupu. Tangu mwaka 2015, Februari 16 ni siku ya mapumziko nchini kote kwa ajili ya kumkumbuka.

Habari hii haimruhusu mtu kusema kwamba anayemtegemea Mungu hapatwi na baya. Luwum alimtegemea Mungu, na risasi zikampata. Wala hairuhusu kusema kwamba mwenye imani haogopi. Bwana Yesu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, alifadhaika, akaomba kikombe kile kimwondokee. Basi, kutegemea ni nini?

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Tunayo maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya: kuogopa na kucha. Mtu humwogopa simba, humwogopa mwizi. Lakini humcha Mungu. Anayeogopa hutafuta njia ya kukimbia. Anayecha hukaribia, ila kwa adabu na unyenyekevu. Watu waliokwenda Namirembe Jumapili ile waliwaogopa wenye bunduki, bila shaka. Lakini walikuwa na Mmoja waliyemcha zaidi, na kwa sababu hiyo hofu yao haikuwafungia majumbani.

Tena, tazameni maneno amini, imani, amana na amani. Yote yametoka katika asili moja ya Kiarabu, nayo asili hiyo ina maana ya usalama. Kwa hiyo, kumwamini Mungu si kukubali tu kwamba yupo. Ni kujiweka mikononi mwake kama mtu awekavyo amana kwa jirani mwaminifu kabla ya kusafiri. Safari yaweza kuwa ya hatari, lakini amana ina mwenye kuitunza.

Neno la tatu ni kutegemea. Methali hutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, kisha nyingine hutuambia kwamba mtegemea nundu haachi kunona. Hazipingani. Zinatutaka tuchague vema pa kuegemea. Jambo hili nililionja shule zetu zilipofungwa tangu Machi 2020, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022. Sisi tuliofundisha katika shule za binafsi hatukuwa na mshahara. Niliuza mkaa na mihogo kando ya njia, na kila usiku niliwaza juu ya ada, kodi ya nyumba na dawa za mama. Jioni moja, wakati wa sala, mama alianza Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya Kiganda, akaifikisha mwisho bila kukosea. Sikujua kwamba ameihifadhi. Hofu yangu haikuondoka usiku ule, lakini nilipata usingizi, na alfajiri nikaenda kununua mkaa.

Ndugu walimu, mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watakuja kwetu watoto ambao nyanya zao bado hushtuka wanapoisikia lugha hii. Tusiwacheke wazee hao. Tuwafundishe watoto kusema kuogopa, kwa maana ni neno la kweli. Kisha tuwafundishe kucha, kuamini na kutegemea, wakawasomee nyanya zao nyumbani.