Amana Tuliyoichelewesha

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupeleka salama na kuturejesha salama. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu hapa Tanga wametutaka tuwasimulie habari za Uingereza, tulikokwenda mwezi wa Januari 2025, nasi tukaahidi kuandika. Mtoto wa dada yetu aliyeko London ndiye aliyetukatia tikiti, maana mshahara wa mwalimu wa chuo wajulikana: hauvuki hata mkondo wa Pemba.

Tulikwenda kuwaona masahibu wawili tuliokaa nao mkeka mmoja utotoni, tukisomea juzuu moja iliyokwisha jalada. Mmoja yuko Portsmouth, wa pili yuko Leicester. Na huyo wa pili tulikuwa na amana yake, ambayo tumekaa nayo miaka minne. Habari yake itakuja.

Tulidhani twaijua baridi, kwa kuwa tumewahi kulala Lushoto mwezi wa Julai. Tulikosea sana. Baridi ya huko haipigi juu ya ngozi tu. Hupita katika kanzu, na fulana, na koti la kuazima, ikafika mifupani na kukaa kama mwenye nyumba. Lakini lililotushangaza zaidi ni jua. Sisi watu wa pwani tumezoea jua lituelekee saa 12 asubuhi na kutuaga saa 12 jioni, mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache. Huko mwanzo wa Januari jua hutoka baada ya saa 2 asubuhi, na ifikapo saa 10 jioni au karibu yake limekwisha kutua. Adhuhuri husaliwa saa 6 na dakika chache, alasiri huingia kabla ya saa 8, magharibi saa 10, na kabla ya saa 12 isha imekwisha ingia. Mtu akizubaa na kikombe cha chai, sala imempita. Twakiri kuwa siku ya kwanza tuliishika alasiri mkiani.

Na udhu je? Kwa miaka zaidi ya 25 tumewafundisha watoto mlango wa kupangusa juu ya khofu mbili, yaani soksi za ngozi: kwamba huvaliwa baada ya udhu uliotimia, na mkaazi hupangusa kwa muda wa mchana na usiku wake, na msafiri siku tatu pamoja na usiku wake. Kila mwaka watoto hucheka, wakauliza, "Maalim, hofu hupanguswaje?" Nasi tuliusomesha mlango ule upesi upesi, tukiona ni elimu ya nchi za mbali. Huko tulizivaa khofu hizo kwa miguu yetu wenyewe, tukajua ni rukhsa ya huruma kiasi gani. Mwaka huu mlango huo hatutaukimbiza.

Portsmouth hatukukaa sana. Njiani tuliteremka Woking tukasali katika Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 kwa msaada wa Shah Jahan, Begum wa Bhopal. Ndio wa kwanza nchini humo kujengwa makhsusi uwe msikiti. Ni mdogo kuliko tulivyoudhania, wenye kuba la kupendeza. Sahibu yetu wa Portsmouth tulimkuta akizungumza na Wazanzibari wenziwe habari za Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Unguja, aliyeishi mji huo tangu mwaka 1964 hata alipohamia Oman mwaka 2020, akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024. Wazee walikuwa wakimrehemu. Tuliitikia amin, tukala samaki, tukalala.

Sasa tuje Leicester.

Mji huo una Wahindi wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, hasa waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Tuliingia dukani kununua zawadi ya watoto, tukashangaa kuona mihogo na ndizi mbichi, na mzee mwenye duka, alipoiona kofia yetu, akatuambia kwa Kiswahili cha zamani, "Karibu, bwana, habari ya nyumbani?" Amezaliwa Jinja. Hajarudi huko hata siku moja, na bado aliuliza "nyumbani".

Rafiki yetu alituchukua kwake. Ana mvi, ana tumbo, ni dereva wa basi. Watoto wake walitupa "shikamoo, ami" kwa shida, wakakimbilia lugha yao. Hatukumlaumu; kazi yake huanza alfajiri na mkewe hufanya kazi usiku.

Wasomaji na wajue kwamba rafiki yetu huyu aliondoka nchini mwaka 2002 usiku, pasi na kumuaga mamake. Bibi yule aliona uchungu mkubwa. Kwa miaka yote iliyofuata hakukubali kushika simu yake. Fedha alizomletea kila mwezi alizipokea, lakini hakula hata senti. Alizileta chuoni kwetu. Mabati tunayosomeshea chini yake ni ya fedha hizo, na mikeka pia. Alitukataza tusimwambie mwanawe.

Alifariki Januari 2021. Usiku wake wa mwisho alituita karibu na kitanda akasema, "Mwambie mwanangu radhi zangu zote anazo." Tukaitikia. Hiyo ndiyo amana.

Mbona hatukuifikisha? Tulijiambia kuwa neno kama lile halisemwi katika simu. Hiyo si kweli, au ni kweli nusu. Kweli yenyewe ni kwamba tulikuwa na ghadhabu. Hakuja kuzika, hakupiga simu, na hitima ya arubaini ilipita hatujasikia sauti yake. Alipopiga hatimaye alizungumza kwa ufupi, akikatakata maneno, nasi tukaona hana haya. Tukamnyima radhi ambazo hazikuwa zetu.

Usiku ule, mwenyewe akiwa amekwenda kuegesha gari, mkewe alituwekea uji wa pilipili manga akasema, "Shemeji, mama alipofariki mwenzako alikuwa hospitali, yuko kwenye oksijeni. Ni ile korona. Wiki tatu. Alipotoka pumzi zilikuwa hazimtoshi kusema maneno matatu. Alinikataza nisiwaambie nyumbani, asiwatie hofu."

Hatukuweza kuumeza ule uji.

Aliporudi tulimweleza yote: mabati, mikeka, usiku wa mwisho, na hii miaka minne. Hatukujitafutia udhuru. Alikaa kimya muda mrefu akitazama theluji dirishani. Tulingoja atufukuze, na lau angefanya hivyo tusingemwona mkosa. Hatimaye akauliza, "Maalim, alisema 'mwanangu' tu, au alinitaja kwa jina?" Tukamjibu kwamba alimtaja, na kwa lile jina la utotoni, ambalo hatuliandiki hapa.

Akainuka kwenda kutia udhu. Tulisikia maji yakimwagika, yakimwagika, zaidi ya haja ya udhu. Alirudi akatandika misala miwili, akatutaka tutangulie, tukakataa, akatangulia yeye. Baada ya sala akasema kwamba basi lake latoka saa 11 alfajiri na kwamba yampasa alale. Lakini hakuinuka.

"Hebu nirudie alivyosema," akasema.

Tukamrudia.